Mfuga Panya na Kongosho la Baba

Kwa watu wa kwetu Kilosa mimi ni mfuga panya. Nimesoma miaka mingi kuliko mtu yeyote katika ukoo wetu, nina vyeti ambavyo mama amevitia fremu na kuvipanga ukutani juu ya kabati la vyombo, lakini ukiuliza pale sokoni binti wa yule mzee wa reli anafanya kazi gani huko Ulaya, utajibiwa kwamba anafuga panya. Na anayekujibu atakutazama kidogo, aone kama na wewe umeshangaa.

Kosa ni langu. Mara ya kwanza niliporudi likizo, shangazi aliniuliza huwa nafanya nini siku nzima, nami kwa kujitia mkweli nikamwambia ninatengeneza tiba ya jeni kwa ajili ya saratani ya kongosho, na kwamba kabla haijafika kwa binadamu tunaijaribu kwanza kwa panya. Katika maneno yote hayo shangazi aliondoka na neno moja. Mkoa wetu nao haukunisaidia. Mtu yeyote wa Morogoro anajua kwamba pale mjini wapo panya buku waliofundishwa kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, na wengine kunusa makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu, na panya wale tunajivunia. Kwa hiyo ukoo mzima ukaelewa kwamba na mimi ninafundisha panya, ila wangu wananusa kongosho. Nilibisha, nikachora picha kwenye daftari, nikapandisha sauti, maana hasira zangu ziko karibu. Mjomba mmoja akaniambia kwa upole kwamba nisione aibu, kazi ni kazi.

Likizo iliyofuata nilikuta kizimba nyuma ya jiko. Ndani mlikuwa na panya buku mzima, kanenepa kwa mahindi yetu, ananikodolea macho. Baba alikuwa amemtega shambani, akamlisha miezi miwili akinisubiri.

"Nasikia vya huko kwenu ni vidogo," aliniambia. "Huyu utaanza naye."

Nilimweleza kwa heshima zote kwamba panya wa maabara ni wa aina maalumu, kwamba uwanja wa ndege hawataniruhusu, kwamba nashukuru sana. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa uso wa huzuni. Ilinichukua mpaka kesho yake kugundua kwamba alikuwa ananitania, na kwamba mnyama yule alikuwa kitoweo cha jirani tangu mwanzo.

Ukweli ni kwamba baba ndiye pekee aliyeielewa kazi yangu. Alifanya kazi maisha yake yote kwenye reli ya kati, akipanga mabehewa pale stesheni ya Kilosa, lipi liende bara, lipi literemke pwani. Asubuhi moja tukinywa chai nilimwambia: baba, virusi ni kitu kidogo mno ambacho kazi yake ni kujua njia ya kuingia ndani ya seli. Sisi tunakitoa ugonjwa wake, tunakitia jeni tunayoitaka, halafu tunakituma kwenye uvimbe. Seli za saratani zimesahau kufa. Ile jeni inakwenda kuzikumbusha.

Baba akakoroga chai. "Kwa hiyo mmemkamata mwizi, mmeumwaga mzigo wake, mmebaki na behewa lake."

"Ndiyo, baba."

"Na likiishia stesheni isiyo yake?"

Nilimwambia stesheni hiyo ni ini, na mabehewa yetu mengi kweli yanaishia huko. Maprofesa wangu huwa wanalifikia swali hilo baada ya saa nzima na biskuti. Akauliza na njia yenyewe ikoje. Nikamwambia hapo ndipo penye shida kubwa, maana uvimbe wa kongosho hujijengea ukuta mgumu ukauzunguka, hata damu hupenya kwa taabu. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepata habari za ndugu. Kila masika Mto Mkondoa ukikasirika hukata reli yetu, na yeye alishaona mabehewa ya unga yamesimama juma zima upande huu, wenye njaa wako upande ule, na unga unaonekana kwa macho.

"Pole," aliniambia. "Kumbe kazi yako ni ya reli."

Nilijisikia vizuri siku ile kuliko siku niliyopewa shahada. Nalisema hili wazi ili nitakayoyasema baadaye yaeleweke.

Miaka michache baadaye mama alinipigia simu. Baba alikuwa amekonda, macho yamekuwa ya njano, anajikuna usiku na mchana. Walishamtibu vidonda vya tumbo, wakamtibu malaria, wakamtibu tena vidonda vya tumbo, mwisho wakampeleka Dar es Salaam akapigwa picha, na daktari akaandika kwenye karatasi neno ambalo mama alilisoma herufi kwa herufi, kwa furaha, kama mtu aliyeshinda bahati nasibu.

"Ni kongosho," alisema. "Mwanangu, ni kongosho! Ingekuwa ini tungefanyaje? Ingekuwa figo? Mungu si Athumani. Katika magonjwa yote ulimwenguni, akampa ule wa kwako."

Nilikuwa nimesimama kwenye korido ya maabara na koti jeupe. Nikamwambia ndiyo, mama. Sikumwambia kitu kingine. Nilijua maana ya macho ya njano, nikajua na maana ya mistari ya Kiingereza aliyonisomea bila kuielewa, kwamba ugonjwa umeshashika ini. Dawa yetu ilikuwa haijawahi kuingia katika mwili wa mtu hata mmoja. Ilikuwa imesinyaza uvimbe kwa baadhi ya panya, siyo wote, na ili ifike kwa mgonjwa wa kwanza ilikuwa bado miaka, kama ingefika. Nilimuuliza mkuu wangu kama lipo jaribio la wenzetu popote linaloweza kumpokea. Alitafuta kwa moyo, namshukuru. Kwa mtu aliyefikia pale, halikuwepo.

Mama hakusubiri kuulizwa. Jumapili iliyofuata alisimama kanisani, wakati wa matangazo, akasema binti yake anakuja na dawa ya baba yake aliyoitengeneza kwa mikono yake mwenyewe, na akatoa shukrani kabisa, jogoo wawili na debe la mahindi. Sisi Wakaguru tuliolelewa na misheni tuna tabia hii, tukishatoa shukrani jambo tunaliona limekwisha.

Nilifika kwa treni ya umeme. Baba alinipokea nyumbani, kwenye kiti chake, suruali imefungwa kwa kamba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja na ile ya umeme? Nasikia haipigi hata kelele. Treni gani hiyo, inafika kama mchawi."

Mama akanivuta jikoni. Alikuwa amesikia kwamba dawa za siku hizi zinataka baridi, kwa hiyo alikuwa ameondoa nyama, maharage na maji yote kwenye friji, akaisugua kwa sabuni, akatandika kitambaa cheupe kilichodariziwa kwenye rafu ya kati. Friji ilikuwa inaunguruma tupu.

"Haya, iko wapi?"

"Ngoja nikamsalimie baba vizuri," nikasema, mtu niliyekuwa nimetoka kumsalimia baba vizuri.

Siku nne nilikwepa. Nilisema mizigo yangu haijapangwa vizuri, nikasema nataka kwanza kusoma karatasi za hospitali. Waumini walikuja kuniona, wakaniachia kuku. Kila kuku alinifanya nijione mwizi. Mwoga nilikuwa, na sina neno zuri zaidi la kujipamba.

Siku ya tano aliingia mtani.

Ukoo wetu na ukoo wake ni watani tangu mababu. Wao ndio wanaotuzika, na sisi tunawazika wao, na kwa sababu hiyo hakuna neno la mtani ambalo una ruhusa kulikasirikia. Anaweza kumcheka maiti na kumcheka mfiwa. Tena neno likishatoka kinywani mwa mtani huwa limekwisha. Mtu mwingine akilirudia kwa ukali, ataonekana hakufundwa. Huyu wetu ni bibi mmoja muuza dagaa wa pale sokoni, rika la baba, ana sauti ya kuita treni irudi nyuma.

"Maiti yangu inaendeleaje?" aliuliza toka mlangoni.

Mama akafumba macho. Baba akacheka mpaka akashika ubavu.

"Haijaiva," akajibu.

"Basi usinenepe tena. Nimeshakupimia shimo, sitaki kuchimba mara mbili." Akanigeukia. "Na wewe mfuga panya, umemletea baba yako nini, mkia?"

"Shikamoo, mtani," nikasema. Nilimtazama miguuni. Bibi yule aliniangalia kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida ya utani, akaitika marahaba, akaanza kumsimulia baba bei ya dagaa.

Maumivu yalipozidi tulikodi gari kwenda Mikumi, ambako hospitali moja ilikuwa na mofini, ile dawa ya maji ya kutuliza maumivu. Tulikuwa mimi, baba na dereva. Njiani kundi la nyani lilikaa katikati ya barabara bila wasiwasi wowote, dereva akapiga honi, nyani mmoja akageuka akatuonyesha matako. Baba akasema yule alishawahi kuwa mkuu wa stesheni ya Kilosa, anamkumbuka. Miaka yote ameishi jirani na mbuga na hakuwahi kuingia ndani, kwa hoja kwamba tembo huvuka barabara bure.

Pale hospitali tuliambiwa tusubiri mfamasia. Tulikaa kwenye benchi la nje, malori ya barabara kuu yakipita mbele yetu. Baba alikuwa ametupa miguu mbele, viatu vimekuwa vikubwa.

"Behewa liko wapi?" aliuliza.

Nilijua kabisa anauliza nini. Hata hivyo nikasema, "Behewa gani, baba?"

"Lile langu. Mama yako amelisafishia friji."

Nikaangalia malori. Nilitaka kuanza na maneno ya kitaalamu, hatua ya kwanza, hatua ya pili, usalama, vibali, na nilishafungua mdomo. Kisha nikayaacha yote.

"Bado liko karakana, baba. Halijawahi kutoka. Sina dawa. Sikuja na kitu."

"Hata kidogo cha kuonja?"

"Hata kidogo. Ningekuletea ningekuua mapema, na pengine kwa maumivu zaidi."

Malori mawili yakapita. Mimi nilikuwa nalia kwa namna ya kijinga, pua ikitoka, kama mtoto wa chekechea. Baba akatoa leso yake akanipa.

"Na hao panya," akasema, "wanapona?"

"Baadhi."

"Wanapona kongosho. Wanakula vizuri. Wanalala ndani penye joto." Akafikiri. "Nami nilihangaika na reli maisha yangu yote, nisijue kuomba kuzaliwa panya."

Nikacheka na leso iko usoni. Akaniuliza mambo mengine mawili matatu, kama safari hii tumeshajua jinsi ya kulipitisha behewa mbali na ini, kama ukuta umepunguzwa. Nilimjibu sawasawa, bila kumpunguzia. Wala hakuuliza amebakiza muda gani. Mfamasia alipotuita alisimama mwenyewe, akasema kwa sauti ya kazini, "Twende, tumepewa njia."

Niliwaza njia nzima ya kurudi nitamwambiaje mama. Sikupata nafasi. Baba alishuka kwenye gari, akaweka mkono ukutani kupumzika, akamwita.

"Rudisha nyama kwenye friji," alimwambia. "Inaharibika bure."

Mama alimtazama yeye, akanitazama mimi. Aliingia jikoni, tukasikia mlango wa friji ukifunguliwa. Ukakaa wazi muda mrefu. Baadaye alitoka na kile kitambaa kimekunjwa vizuri, akakirudisha sandukuni, na hakuniuliza neno hata moja. Ningeona afadhali angenigombeza.

Baba aliishi majuma saba baada ya safari ya Mikumi. Mofini ilimsaidia kulala, na akiwa macho alikuwa mtundu. Mtani alikuja karibu kila siku na makopo yake ya dagaa, wanafunga mlango, tunasikia vicheko, mara kimya, mara vicheko tena. Mama alilalamika kwamba mgonjwa anachoshwa. Baba alifariki asubuhi, mimi na mama tukiwa tumemshika mikono, na sina la kuongeza hapo.

Msibani nilianza kuyasikia maneno. Nikipita karibu na mafiga waliyopikia wanawake, mazungumzo yanakatika. Nikishafika mbali kidogo yanaanza tena. Kasomeshwa mpaka Ulaya. Ugonjwa ndiyo fani yake. Mama yake alitoa na jogoo. Shangazi mmoja alinishika bega, akasema, "Mwanangu, hivi ile dawa ilikuwaje?" Akauliza kwa huruma, na huruma yenyewe ndiyo iliyokuwa inaunguza. Swali lake nilikuwa najiuliza mwenyewe tangu siku ile ya korido. Ningeacha lini usingizi, ningekazana wapi zaidi, ili baba awe hai. Nilikuwa nimeshaamua kwamba tukimaliza kuzika nitapanda treni ya kwanza, na sitarudi Kilosa kwa miaka mingi.

Tuliporudi makaburini watu wakaketi kwenye mikeka kusubiri chakula. Ndipo mtani akatoka chumbani kwa baba. Alikuwa amevaa koti la reli la baba, limemfika magotini, na kofia, na filimbi mdomoni. Alitembea kama baba, ule mwendo wa kuvuta mguu wa kulia kidogo, na kila mtu aliona. Akapuliza filimbi, akaamuru mchungaji arudi nyuma hatua tatu maana ameegeshwa vibaya. Mchungaji akarudi. Akampanga mjomba nyuma ya shangazi, akasema huyu asifungwe breki, ni mzigo mzito, utakwenda wenyewe. Watu walianza kucheka na khanga ziko midomoni.

Kisha akasimama mbele yangu, akatoa filimbi mdomoni.

"Huyu hapa!" akapaza sauti, mpaka wa barabarani wakageuka. "Mfuga panya! Panya wamepona, baba kafa! Umechelewa, wewe! Umechelewa kuliko treni ya abiria ya zamani!"

Khanga zilibaki midomoni. Neno ambalo nililiogopa kuliko yote lilikuwa limesimama hapo kati ya mikeka, mbele ya ukoo mzima na nusu ya kanisa, limevaa koti la baba.

Mama ndiye aliyecheka kwanza. Kilimtoka kicheko kikubwa, cha ghafla, akajipiga paja. Shangazi wakafuata, na mimi nikafuata, nikacheka mpaka nikaanguka kwenye mapaja ya mama, na huko ndiko nilikolia kilio ambacho sikuwa nimelia makaburini. Chakula kilipoletwa, shangazi yule yule aliniwekea pande kubwa la nyama, akaniuliza kama huko Ulaya ninapata ndizi za kupika. Habari ya dawa hakuigusa. Hakuna aliyeigusa, siku ile wala mpaka leo.

Jioni nilimkuta mtani uani anasugua sufuria kwa majivu, koti ameshalivua. Nilichuchumaa nikashika nyingine.

"Umekasirika?" akauliza.

"Utanikasirishaje, nawe mtani."

"Maana mimi nilikuwa nimejipangia la koti na la filimbi tu. La kuchelewa siyo langu. Nisingethubutu." Akageuza sufuria, akaitazama chini. "Ni la baba yako. Mlipotoka Mikumi aliniita, akasema, siku hiyo mseme mwanangu kwamba amechelewa. Mseme wewe, tena mbele ya watu wote, kabla shangazi zake hawajaanza."

Niliacha kusugua.

"Akanijaribisha pale pale kitandani," alisema bibi. "Nikalisema. Akakataa, akasema hapana, hapo umemwonea huruma, rudia. Nikarudia. Ndipo akacheka."